Vyuma Saba vya Mjomba

Kalimba ya mjomba niliikata mimi.

Nayasema leo, miaka ishirini na miwili imepita, kwa sababu kuna watu mpaka sasa wanaamini aliikata shemeji yangu. Wengine wamekufa wakiamini hivyo. Shemeji hakuikata. Hata mfuko wake hakuufungua.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, usihangaike. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Shule niliacha darasa la sita. Nikiwa kijana nilipata gitaa la umeme lililovunjika shingo, nikaliunga kwa bati na skrubu, na kwa gitaa hilo tukaanzisha bendi ya watu wanne.

Wa kwanza mimi. Wa pili mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Wa tatu mumewe, fundi matairi, tuliyemwita Ngumi kwa jinsi alivyozipiga ngoma zake, mbili za kununua na tatu za madebe. Wa nne mjomba, kaka yake mama, fundi viatu, mpiga kalimba, kile kibao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba.

Nyimbo zote zilikuwa za mjomba. Alizirithi kwa baba yake: nyimbo za wachimba barabara, za wanawake wakitwanga, za kumbembeleza mtoto asiyetaka kulala. Sisi tulizitia umeme. Vijana walituita bendi ya wazee, wazee wakatuita wahuni. Tulijiita Kutu, kwa sababu mazoezi tulifanyia kwenye karakana yangu na kila mtu alitoka na kutu kwenye suruali.

Wiki iliyopita niliishia pale mtu wa redio alipotusikia tukipiga kwenye lango la kiwanda, akatupa siku ya kurekodi: Jumamosi, saa tatu asubuhi, nyimbo nne. Tulimwita Miwani, maana alikuwa nayo miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na alikuwa akiutafuta wa kichwani kila baada ya dakika tano.

Alhamisi mchana Miwani akaja karakana kutusikiliza. Tukapiga nyimbo mbili. Akainua mkono.

"Nyinyi mna kitu," akasema. "Lakini hicho kibao na gitaa hawasalimiani."

"Nani kamkosea mwenzake?" mjomba akauliza.

"Mzee, mimi si hakimu. Jumamosi nataka niwakute wamepatana. Wasipopatana, narekodi gitaa, ngoma na huyu dada. Wewe utakaa pembeni upige makofi."

"Makofi napiga vizuri," mjomba akasema.

Sote tukacheka. Miwani alipoondoka, kicheko kikakatika.

"Gitaa lina masikio ya kukazia nyuzi," mjomba akaniambia. "Yasokote, lije kwangu. Mimi yangu haina masikio."

"Nimejaribu, mjomba."

"Lini?"

"Juzi."

Kweli nilijaribu juzi. Dakika kumi. Uzi mmoja ukakatika, nikapandwa na hasira, nikaliweka gitaa chini. Lile gitaa nilijifundisha mwenyewe miaka mitano, kila kidole kinajua kwake. Kulisokota upya kulikuwa kurudi darasa la kwanza, na mimi na madarasa hatukuwahi kupatana.

"Basi wewe, mjomba, vivute hivyo vyuma kidogo," Ngumi akasema.

"Havivutiki. Vimeshikana na daraja, kile kichuma kinachovibana, tangu mzee wangu yuko hai. Ukivigongea, kibao kinapasuka."

"Yaani tukose redio kwa ajili ya springi za godoro?"

Ilikuwa kweli. Babu alivifua vile vyuma kutoka springi za godoro kuukuu, ishirini na viwili, kila kimoja akakikata kwa sikio lake. Lakini si jambo la kumwambia mtu usoni.

"Mkwe, chunga mdomo," mjomba akasema.

"Mdomo umechoka kuchungwa! Mwaka wa tatu huu tunapigia mbuzi na watoto. Leo mlango umefunguka, na kibao kimekaa mlangoni. Kingekuwa changu ningeshakitia kiberiti!"

Mdogo wangu akamfinya mbavuni. Mjomba akainuka. Aliifunga kalimba kwenye mfuko wake wa turubai, akaenda zake. Mimi sikumkanya Ngumi, kwa sababu alikuwa amesema yale niliyokuwa nayawaza.

Kila Ijumaa mjomba alikwenda kununua ngozi na soli. Mfuko wa kalimba alimwachia Ngumi, ambaye kibanda chake kilikuwa njiani. Siku ile, kabla ya saa sita, Ngumi akanijia mbio, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Shem, niwekee huu mfuko. Nimepata lori, matairi sita. Kwangu chini kumejaa maji na majeki, mtu ataukanyaga."

"Weka pale."

"Nitaupitia saa nane."

Akaondoka. Mfuko ukabaki juu ya meza, kando ya jiliwa, kile kibanio changu cha chuma.

Sikuamka siku ile nikiwa na nia mbaya. Naomba uniamini hapo, kwingine usiniamini. Nilichomelea dirisha la mtu, nikamaliza, nikanawa uso. Nikaufungua mfuko.

Chuma kikipungua kwenye ncha, sauti yake inapanda. Hilo halihitaji shule. Na vyuma vya mjomba, vile vilivyogombana na gitaa, vyote vilikuwa chini kidogo. Kidogo sana. Upana wa ukucha, pengine nusu yake.

Niliibana kalimba kwenye jiliwa, nikaizungushia kitambaa isichubuke. Hiyo ndiyo heshima yote niliyoipa siku ile: kitambaa.

Nikachukua tupa ndogo, yenye meno laini. Naisukuma mara tatu, nagusa chuma, nagusa uzi wa gitaa. Mara mbili tena. Mara moja. Mpaka sauti mbili zikawa moja.

Nilijiambia ni kimoja tu. Lakini kile cha kwanza kilipokaa sawa, cha jirani yake kikaonekana kibaya kuliko mwanzo. Nikakishika na chenyewe. Halafu cha upande wa pili.

Vilipofika saba, nyimbo nne za Jumamosi zikakubali. Nikalifunga gitaa kwenye amplifaya, nikaiweka kalimba mapajani, nikawa napiga huku kidogo na kule kidogo, peke yangu, mlango nimeurudishia. Nakiri ilikuwa tamu. Machozi yalinilenga. Nikajiona mtu niliyemaliza ugomvi wa miaka mitatu kwa mchana mmoja.

Kisha nikatazama zile ncha. Zilikuwa zinang'aa kama meno.

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini, maana mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kopo la mafuta machafu. Nikachanganya mafuta na masizi, nikapaka ncha saba, nikafuta, nikapaka tena mpaka zikafanana na wenzao. Mtu asiye na kosa hapaki masizi.

Nilipanga kumwambia. Nilikuwa nimeshachagua mpaka saa: baada ya kurekodi, Miwani akishampa mjomba mkono. Nitacheka, naye atacheka.

Ngumi akaja saa nane kasoro, akachukua mfuko, akaondoka akipiga mluzi. Mjomba akauchukua kwake jioni. Hakuufungua. Ilikuwa desturi yake: kesho yake ikiwa siku ya kupiga, leo hakuigusa kalimba kabisa. Alizipaka mafuta kucha za vidole gumba, akazitunza kama bibi harusi.

Jumamosi tulifika studio saa mbili na nusu. Kilikuwa chumba kidogo chenye zulia ukutani na kioo kikubwa katikati. Miwani alikuwa nyuma ya kioo, akizungumza nasi kwa spika.

"Kabla hatujaanza," akasema, "nina neno na mzee."

Mjomba akakaa wima.

"Mzee, nakuomba radhi. Tangu Alhamisi ile sauti ya kibao chako haijanitoka kichwani. Nimelala nayo, nimekula nayo. Nilikuwa mjinga. Ule mkwaruzano wenu na gitaa ndio wenyewe. Msibadilishe kitu. Pigeni vilevile mlivyonipigia."

Ngumi akaruka juu. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa viganja. Mjomba akanigeukia mimi, si mwingine, akanikonyeza.

"Umesikia, mpwa? Masikio ya gitaa lako yamepona."

Nikatabasamu. Nikainama kuchomeka waya wa gitaa.

"Taa nyekundu ikiwaka, mzee anaanza peke yake," Miwani akasema.

Taa ikawaka.

Mjomba akapiga sauti tatu. Akaacha.

Akadhani amekosea. Akatikisa mikono, akapiga tena zile tatu. Akaacha tena.

"Kuna nini?" Miwani akauliza kwenye spika.

Mjomba hakusikia. Aliipeleka kucha ya gumba polepole kwenye ncha ya chuma cha tatu, kisha cha nne, kama mtu anayepapasa meno ya mtoto. Akaigeuza kalimba kwenye mwanga. Akalamba kidole, akasugua. Masizi yakatoka. Ncha ikang'aa.

"Imekatwa," akasema.

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Jana ilikuwa kwa nani?"

Macho yote yalikwenda sehemu moja.

"Kwangu," Ngumi akasema. "Ilikuwa kwangu, mjomba, kama kila Ijumaa. Lakini sikuigusa. Wallahi sikuigusa. Ile saa nina lori nilimwachia shem."

Sasa macho yakahamia kwangu.

"Mpwa?"

Msomaji, hapo palikuwa na nafasi. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile. Ilikuwa nafasi ya kuvuta pumzi moja. Ningesema "ni mimi", mjomba angenitukana, pengine angenipiga, na tungekuwa watu wanne bado.

"Mfuko uliletwa, kweli," nikasema. "Uliwekwa mezani, ukachukuliwa. Sikuufungua."

Ngumi akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama unavyotazama tairi ulilolijaza sasa hivi na linatoa upepo.

"Shem," akasema.

"Nini? Nilikuwa na dirisha la mtu. Sikuufungua."

Ndipo mdogo wangu akasema lile neno. Hakukusudia kumzika mumewe, lilimtoka tu.

"Lakini Alhamisi ulisema ungeitia kiberiti."

"Mke wangu, yale yalikuwa maneno!"

"Na kukata je? Ni maneno pia?"

"Wewe? Hata wewe?"

"Nakuuliza tu."

"Hujaniuliza. Umeshanihukumu."

Ngumi akaziweka fimbo zake juu ya ngoma, moja kando ya nyingine, akazinyoosha zikae sambamba. Akatoka. Mlango wa studio ni mzito, haubamiziki. Ulijifunga taratibu huku sote tukiutazama.

Miwani akaingia, miwani yote miwili kichwani.

"Jamani, nina chumba mpaka saa sita. Baada ya hapo kuna kwaya."

"Rekodini," mjomba akasema. Alikuwa ameshaifunika kalimba. "Mpwa, piga gitaa. Binti, imba. Siku isipotee bure."

Nami nikapiga. Naona aibu kuliandika hili kuliko mengine yote: nilipiga vizuri. Sikuwahi kupiga vizuri vile. Tulirekodi nyimbo mbili, mimi na mdogo wangu, yeye akiimba kwa koo lililojaa kilio, na Miwani akasema nyuma ya kioo kwamba hiyo huzuni ni dhahabu.

Mjomba alikaa pembeni mpaka mwisho. Makofi hakupiga.

Jumatatu asubuhi Ngumi akaja karakana. Nilikuwa nimevaa barakoa ya kuchomelea, sikuivua. Nilimwona kupitia kioo cheusi.

"Mkeo hajambo?" nikauliza.

"Yuko kwa mama yenu tangu jana. Kasema hawezi kulala na mtu aliyekata mali ya mjomba wake."

"Atarudi."

"Shem, vua hicho."

Nikavua.

Akatoa kitu mfukoni, akakimwaga juu ya meza. Unga. Unga wa kijivu, kiasi cha kijiko.

"Jana nilikwenda kumsihi mjomba. Akanifukuza, ila mfuko akanitupia, kasema hautaki tena kwa kuwa umepita mikononi mwangu. Nikaukung'uta. Nimekuta huu kwenye pindo." Akaugusa kwa kidole. "Unga wa chuma. Mimi natengeneza matairi, shem. Kwangu unga ni wa mpira."

Nikaiweka barakoa kando ya ule unga.

"Kwa nini hukumwonyesha?" nikauliza.

"Nikamwambie nini? Kwamba ni mpwa wake? Atasema nimeuokota hapa kwako nikautia mwenyewe. Na mke wangu itabidi achague, mume au kaka. Sitaki achague. Nataka useme wewe."

"Nitasema."

"Lini?"

"Nipe siku mbili."

"Za nini? Neno lenyewe ni moja." Akakung'uta mikono. "Haya, zichukue. Mimi nimezoea kungojea gundi ikauke."

Jumanne redio ikaucheza wimbo wetu wa kwanza. Niliusikia ukitoka kwenye duka la pili, halafu la tatu. Watu wakaja mlangoni kunipa mkono. Mwenye duka la rangi akaniambia gitaa langu linalia kama mtu. Kila aliyenipa mkono, nilimshukuru. Siku ya kwanza kati ya zile mbili ikaisha hivyo.

Jumatano alasiri mjomba akaja.

Hakuwa na mfuko. Kalimba alikuwa ameifunga kwenye aproni yake ya kazi, ile ya ngozi. Akaitandaza juu ya meza yangu, palepale, kando ya jiliwa.

"Wewe ni fundi chuma," akasema. "Chuma kilichokatwa kinarefushwa?"

"Hapana, mjomba. Nikichomelea kipande, moto utakiua. Kitakuwa hakilii tena."

"Na vipya?"

"Naweza kutengeneza. Lakini lazima mtu aniambie kila kimoja kilie vipi."

"Basi hakuna mtu. Mzee ndiye aliyekuwa na sikio. Mimi nilikuwa na vidole tu. Najua kilikuwa wapi, sijui kilikuwa nini. Jana nimejaribu kuviimba, kila mara vinatoka tofauti."

Akavuta kigoda, akakaa. Akaanza kupiga.

Nyimbo karibu zote hazikufika mwisho. Alianza, akafika kwenye chuma kilichokatwa, akaacha. "Huo," akasema, akakunja kidole. Akaanza wa pili. Akaacha. "Na huo." Wimbo wa wachimba barabara uliishia neno la nne. Wa kutwanga haukufika hata hapo. Aliendelea hivyo, bila haraka, kama anavyotenganisha viatu vinavyoshoneka na vya kutupa, mpaka akazimaliza nyimbo zote ishirini na sita alizoachiwa na baba yake. Zilizofika mwisho zilikuwa tatu, na moja ni ya kumbembeleza mtoto.

Akaifunika kalimba.

"Mpwa, nimekuja na jambo jingine. Kesho nakwenda kwa mama yako. Mdogo wako ananisubiri nimwambie arudi kwa mumewe au asirudi. Mimi ndiye mkubwa, neno langu ndilo litakalofuatwa." Akaniegemea, mkono wake juu ya goti langu. "Nimemkasirikia yule kijana mpaka nimeogopa. Nataka niwe na hakika. Wewe ulikuwapo. Ni yeye?"

Nje, redio ya mtu ilikuwa inatangaza mambo ya hali ya hewa. Nilikuwa nimebakiza siku ile ile moja, na jua lilikuwa limeshaanza kupungua mlangoni.

Kufikia hapo tupa ile ilikuwa imegharimu hivi: vyuma saba, nyimbo ishirini na tatu, mpiga ngoma mmoja, ndoa ya miaka minne, na mjomba aliyekuwa ananitazama machoni akisubiri jibu. Jibu nililompa utalisoma wiki ijayo.